Kutoka Tabata hadi Samunge: Njia ndefu ya kikombe cha Babu

Jumapili asubuhi Tabata haihitaji saa. Kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya bati, wenye ibada ya kwanza wameshashika njia. Mama ana mtoto mgongoni na mwingine anamvuta mkono, baba amebeba Biblia yenye zipu kwapani, vijana wa kipaimara wanatembea nyuma kidogo ili wasionekane wako na wazazi. Daladala za Segerea, Kimanga na Kinyerezi zinapita zikipiga honi. Kondakta anataja vituo kwa pumzi moja: Relini, Bima, Barakuda, Segerea mwisho.

Kati ya majina ya vituo vya Tabata lipo moja ambalo wageni hulicheka: Dampo. Wenyeji wa zamani hawacheki. Hapo palikuwa na jalala la jiji zima. Taka zilichomwa mchana na usiku, moshi ukaingia vyumbani, nzi wakatua kwenye vyakula, watoto wakakohoa. Mwaka 1988 wakazi wakaipeleka Halmashauri ya Jiji mahakamani, wakashinda. Jiji likaendelea kuomba muda zaidi, na mwaka 1991 Mahakama Kuu ikakataa kuliongezea. Jalala likahama. Jina la kituo likabaki.

Ni vizuri mzazi wa Tabata akaikumbuka habari hiyo, kwa sababu inaonyesha kuwa eneo hili linajua kupigania afya ya watoto wake. Walikwenda mbele ya jaji na ushahidi: moshi huu, harufu hii, kikohozi hiki. Miaka 20 baadaye, Machi 2011, baadhi ya nyumba hizohizo zilifunga safari ndefu kuitafuta afya kwa njia nyingine. Safari hiyo ilikwenda kwa mchungaji mmoja mstaafu wa Kilutheri, katika kijiji ambacho wengi hawakuwahi kukisikia.

Baba Mchungaji wa mtaani

Ili kuelewa kwa nini watu walikwenda, ni lazima kwanza kuelewa mchungaji ni nani katika maeneo kama Tabata.

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, liliundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba yaliyokuwa yamekua kila moja kivyake: kaskazini, kusini, Usambara, Bukoba na kwingineko. Kiongozi wake wa kwanza alikuwa Askofu Stefano Moshi. Mwaka 1977 Shirikisho la Walutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu hapahapa Dar es Salaam, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Katika jiji hili sharika za KKKT ziko chini ya Dayosisi ya Mashariki na Pwani, na kanisa lake kuu ni Azania Front, lile lenye mnara linalotazama bahari karibu na bandari.

Lakini muumini wa Tabata hakutani na historia hiyo kila siku. Anakutana na usharika, chini yake mtaa, na chini ya mtaa jumuiya, yaani nyumba chache zinazokutana kusali sebuleni kwa zamu. Wengi walikuja Dar es Salaam kutoka Kilimanjaro, Kagera, Mbeya, Arusha na Singida, wakaukuta Ulutheri wa kwao umehamia mjini pamoja nao. Mbali na shangazi na wajomba, jumuiya ndiyo ukoo wao wa mjini.

Katika ukoo huo mchungaji ana nafasi yake. Yeye ndiye aliyembatiza mtoto, akamfundisha kipaimara, akafungisha ndoa ya dada yake. Mgonjwa akilazwa, jumuiya inampigia simu Baba Mchungaji hata kabla ya ndugu wa mkoani. Anakuja na Biblia ndogo na chombo cha Meza ya Bwana, anakaa kwenye ukingo wa kitanda, anauliza hali, anasali, na mara nyingi ndiye mtu pekee ambaye mgonjwa anamwambia ukweli wote. Siri ya virusi vya ukimwi ambayo mume hajui, mchungaji anaweza kuijua. Mwisho wa yote, ndiye anayesimama kaburini Kinondoni au Segerea.

Neno la mtu wa namna hiyo halichukuliwi kama neno la mpita njia. Ndiyo maana habari ziliposambaa kwamba mchungaji wa KKKT amepewa dawa na Mungu, wengi hawakuuliza maswali ambayo wangemuuliza mganga wa bango la barabarani. Uaminifu alikuwa ameshautengeneza mchungaji wa kwao, kwa miaka mingi, kitanda kwa kitanda.

Mstaafu wa Samunge

Jina lake lilikuwa Ambilikile Mwasapile. Watanzania walimwita Babu wa Loliondo, ingawa kijiji chake, Samunge, kiko upande wa Sale katika Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha. Alikuwa ameshastaafu uchungaji, mzee wa miaka 70 na kitu, akiishi maisha ya kijijini yasiyo na makuu.

Alieleza kwamba Mungu alimwonyesha ndotoni mti na namna ya kuutumia. Mwaka 2010 akaanza kutoa dawa. Mti wenyewe wenyeji wanauita mugariga, Wamasai wanauita olamuriaki, na wataalamu wa mimea wanaufahamu kama Carissa. Ni mti mdogo wenye miiba, maua meupe yanayonukia na matunda madogo meusi ambayo watoto wa wafugaji huyala porini. Mizizi yake ilichemshwa katika masufuria makubwa, kisha dawa ikapimwa katika kikombe.

Masharti yalikuwa machache na mepesi kukumbuka. Kikombe kimoja tu, mara moja tu. Bei Sh500. Dawa inanyweka hapohapo Samunge, kutoka mkononi mwa Babu, haibebwi kwenye chupa kumpelekea mgonjwa nyumbani. Ilisemwa kuwa inatibu magonjwa sugu: ukimwi, kisukari, saratani, pumu, kifafa, shinikizo la damu.

Mzazi aangalie orodha hiyo kwa makini. Ni magonjwa ambayo daktari humwambia mgonjwa kwamba atayaishi nayo, atakunywa dawa kila siku, atarudi kliniki kila mwezi au kila miezi michache. Sentensi hiyo inachosha. Inamchosha mgonjwa, inamchosha zaidi mama anayemwamsha mtoto kila asubuhi kumchoma sindano ya insulini. Babu alileta sentensi nyingine: mara moja, umemaliza. Kwa Sh500, bei ambayo haikumfukuza mtu yeyote.

Na mzee mwenyewe hakuonekana kuwa mfanyabiashara. Nguo zake zilikuwa za kawaida, nyumba yake ya kawaida, na alisema wazi kuwa nguvu inatoka kwa Mungu na si kwake. Jambo hilo liliwagusa watu wa dini zote. Waislamu walikunywa, Wakristo wa madhehebu mengine walikunywa, wakubwa serikalini na wananchi wa kawaida walikunywa. Askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Kati wakati huo, Thomas Laizer, alimuunga mkono hadharani.

Barabara yenyewe

Turudi Tabata, Machi 2011. Fikiria nyumba ya wapangaji maeneo ya Kimanga, vyumba sita vinavyotazamana, bomba moja uani. Bibi aliyekuja kutoka mkoani ana kisukari, mguu una kidonda kisichofunga. Mtoto wa chumba cha tatu ana kifafa, ameshaanguka darasani mara mbili na wenzake wamemkimbia. Jioni, redio inataja Loliondo. Uani mazungumzo ni hayohayo. Mtu ana binamu aliyekwenda, amerudi anatembea. Swali linalofuata ni la nauli.

Kutoka Tabata hadi Ubungo kulikokuwa na kituo kikuu cha mabasi siku hizo ni mwendo mfupi tu kwenye Barabara ya Mandela. (Siku hizi mabasi ya mikoani yanaondokea Mbezi Luis.) Kutoka hapo ni Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, halafu milima ya Usambara na ya Upare ikisindikiza basi upande wa kulia, Same, Mwanga, Moshi, Arusha. Zaidi ya kilomita 600, mwendo wa siku nzima, kwa bibi mwenye mguu unaouma.

Arusha ilikuwa nusu ya safari tu. Hapo watu walikodi magari: Landcruiser za watalii, Noah, mabasi madogo, hata malori. Lami ilikwenda mpaka Mto wa Mbu, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kwenye migomba na masoko ya ndizi. Kisha gari likakata kulia kuelekea kaskazini, na kutoka hapo ilikuwa vumbi, au tope kama mvua imenyesha.

Ni moja ya njia nzuri kuliko zote Tanzania, na abiria wake wengi hawakuwa na nafasi ya kuitazama. Inapita Engaruka, ambako bado yapo magofu ya mifereji ya mawe ya wakulima wa karne zilizopita. Inapita chini ya Ol Doinyo Lengai, volkano hai ambayo Wamasai wanaiita Mlima wa Mungu, na ambayo ililipuka mwaka 2007 na kumwaga majivu kwa miezi. Inapita kando ya Ziwa Natron, lenye maji ya magadi na heroe kwa maelfu. Halafu inapanda ukingo wa bonde kwa kona za kutisha hadi nchi ya Wabatemi, ambao wengine huwaita Wasonjo, wakulima wanaomwagilia mashamba kwa mifereji huku wakizungukwa na wafugaji wa Kimasai. Kutoka Arusha ni takriban kilomita 400.

Katika njia hiyo hakukuwa na hospitali kubwa. Kulikuwa na zahanati na vituo vichache vilivyojengwa kwa ajili ya vijiji vya huko, si kwa ajili ya taifa zima lililokuja na wagonjwa wake. Wagonjwa wengine walitolewa wodini na ndugu zao, wakapakiwa kwenye gari bila oksijeni, bila dripu, bila muuguzi.

Foleni

Machi 2011 foleni ya magari kuelekea Samunge iliripotiwa kufika kilomita 26. Kwa mkazi wa Tabata, huo ni takriban urefu wa kutoka Posta hadi Kibamba, magari yakiwa yamesimama. Watu walilala ndani ya gari siku tatu, siku tano, wengine wiki. Wenye fedha walikuja kwa helikopta. Maji ya kunywa yaliuzwa kama soda, na soda ikauzwa kama bia. Vyoo havikuwapo vya kutosha. Masika ilikuwa imeanza.

Watu walifia kwenye foleni. Mwishoni mwa mwezi huo iliripotiwa kuwa waliokufa wakisubiri wamefikia 52. Babu mwenyewe aliomba watu wapya wasije mpaka baada ya Aprili 1, ili watu takriban 24,000 waliokuwa wamekwama wahudumiwe kwanza. Serikali, ambayo mwanzoni ilitaka huduma isimame, ilirudi nyuma na kuanza kupanga utaratibu wa magari na usafi.

Hapa ndipo ilipo hesabu ambayo haikusomwa kwa sauti uani Tabata. Mgonjwa aliyekufa foleni hakuuawa na dawa ya kikombe. Aliuawa na ugonjwa wake, pamoja na siku alizokosa matibabu akiwa barabarani. Hata kama kikombe kilikuwa maji matupu yasiyo na madhara, njia ya kukifikia ilikuwa na madhara.

Wataalamu wa serikali walichukua sampuli, na taarifa za mwanzo zikasema dawa haina sumu kwa kiasi kinachonywewa. Wengi walilisikia neno hilo na kulielewa wanavyotaka. Chai ya rangi haina sumu pia, na haitibu kifafa. Swali la kwanza la dawa yoyote ni kama inadhuru. Swali la pili, ambalo huchukua miaka kujibiwa, ni kama inaponya.

Waliorudi na wasiorudia dawa

Waliorudi Tabata wengi walijisikia nafuu kweli. Hawakudanganya. Mgonjwa aliyesafiri siku tano akiwa na matumaini, akasaliwa na mzee mpole, akarudi nyumbani salama na kupokewa na jumuiya nzima, lazima mwili wake utulie. Usingizi unarudi, hamu ya kula inarudi. Na magonjwa sugu yana tabia ya kupanda na kushuka yenyewe: pumu hupoa kwa wiki, kifafa hukaa miezi bila kumwangusha mtu, shinikizo la damu halina maumivu kabisa mpaka siku linapopasua mshipa.

Hatari ilikuwa kwenye kilichofuata. Kama umepona, vidonge vya nini? Madaktari walianza kuonya kwamba wapo waliokunywa kikombe wakaacha dawa zao. Mzazi anapaswa kujua jambo hili lina maana gani kwa kila ugonjwa, kwa sababu kikombe cha mwaka 2011 kimepita, lakini vikombe vingine huja kila mwaka kwa majina mengine.

Kwenye virusi vya ukimwi, dawa za kufubaza virusi, ARV, huvizuia visizaliane lakini haziviondoi mwilini. Tanzania ilianza kuzitoa bure kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Mtu akiziacha, virusi vilivyojificha huamka ndani ya wiki chache, na huweza kurudi vikiwa sugu kwa dawa ileile. Kwa mama mjamzito au anayenyonyesha, aliyeacha dawa hayuko peke yake. Bila kinga yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya kila 100 wanaozaliwa na akina mama wenye virusi huambukizwa. Mama akitumia dawa ipasavyo, idadi hiyo hushuka chini ya watoto watano.

Kwenye kisukari cha watoto, kile ambacho kongosho limeacha kutengeneza insulini, kuacha sindano ni suala la siku. Mtoto anaanza kwa kiu na kukojoa sana, kisha anatapika, anapumua haraka na kwa kina, mdomo unanuka kama tunda lililoiva sana, halafu anapoteza fahamu. Hiyo ni dharura ya hospitali usiku huohuo.

Kwenye kifafa, kuacha vidonge ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo ambalo halikati. Degedege linalozidi dakika tano ni la kukimbizwa hospitali. Kwenye saratani, miezi mitatu ya kusubiri kikombe kifanye kazi inaweza kuwa tofauti kati ya uvimbe unaotolewa na uvimbe ambao daktari wa Ocean Road anaweza tu kuutuliza maumivu.

Je, mti una kitu?

Kuna wazazi watakaosema: mababu zetu walitibiwa kwa miti, na dawa nyingi za hospitali zimetoka kwenye miti. Wako sahihi. Dawa mseto ya malaria tunayompa mtoto ina kiungo kilichotoka kwenye mmea wa Kichina, na kwinini ilitoka kwenye gome la mti wa Amerika ya Kusini.

Hata mugariga umefanyiwa uchunguzi. Wabatemi na Wamasai walikuwa wakiutumia kwa tiba muda mrefu kabla ya Babu. Mwaka 2006, miaka minne kabla kikombe hakijaanza, watafiti nchini Kenya walichapisha kazi inayoonyesha kuwa utomvu wa mizizi ya mti huo ulizuia virusi vya herpes kwenye maabara na kwa panya. Ni habari njema kwa mtafiti. Lakini kutoka panya hadi binadamu ni safari ndefu kuliko ile ya Tabata hadi Samunge. Lazima ijulikane ni kiungo gani kinachofanya kazi, kiasi gani, kwa muda gani, kwa nani kinadhuru, kisha wagonjwa wanaokitumia walinganishwe na wasiokitumia. Na virusi vya herpes si virusi vya ukimwi.

Kupona kuna kipimo chake. Kwa kisukari ni sukari ya damu, kwa ukimwi ni wingi wa virusi, kwa shinikizo ni mashine ya mkononi. Vipimo hivyo vilikuwapo Amana, Muhimbili na hospitali nyingine. Mtu aliyerudi kutoka Samunge alihitaji tu kupima kabla hajatupa vidonge.

Kanisa lenye mikono miwili

Jambo ambalo halikuzungumzwa vya kutosha wakati ule ni kwamba kanisa lilelile lililomlea Babu ni moja ya wajenzi wakubwa wa hospitali nchini. KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, imetokana na kazi ya Walutheri. Haydom, huko Manyara, ni hospitali ya Kilutheri inayohudumia watu wa vijijini kwa makumi ya miaka. Selian iko Arusha. Wamishonari walipoingia bara walikuja na Biblia na sanduku la dawa katika msafara mmoja, na wachungaji wa Kiafrika waliowarithi hawakulitupa sanduku.

Kwa hiyo Mlutheri wa Tabata hakulazimika kuchagua kati ya kanisa na hospitali. Kanisa lake lilishachagua vyote viwili zamani. Mchungaji anayesali na mgonjwa kisha akamuuliza kama amekunywa vidonge vya asubuhi anafanya kazi ileile ya kanisa lake ya zaidi ya miaka 100.

Na hapa ndipo mchungaji wa mtaani ana nguvu ambayo daktari hana. Daktari wa kliniki iliyojaa anampa mgonjwa dakika chache. Baba Mchungaji anamfahamu tangu ubatizo. Akisema katika jumuiya kwamba maombi hayafuti tarehe ya kliniki, sentensi hiyo itafika mbali kuliko bango la wizara. Akinyamaza, ukimya wake nao utasikika.

Baada ya vumbi

Foleni haikudumu. Watoa vikombe wengine waliibuka Tabora, Mbeya na kwingineko, kila mmoja na ndoto yake, na watu wakaanza kuchoka. Kabla mwaka 2011 haujaisha, magari kwenye njia ya Natron yalipungua, na Samunge ikaanza kurudi kuwa kijiji. Babu aliendelea kuishi huko. Hakukimbia na fedha za watu, na hakuna sababu ya kumkumbuka kama tapeli. Aliamini alichokisema. Lakini imani ya anayetoa dawa haipunguzi sukari katika damu ya anayeinywa, na wapo waliolipia kosa hilo kwa maisha yao.

Mchungaji Mwasapile alifariki dunia Julai 30, 2021, akiwa na miaka 86. Alipozidiwa, walio karibu naye walimpeleka kwenye Kituo cha Afya Digodigo, jirani na kijiji chake. Mzee alipoishiwa nguvu, walimpeleka penye muuguzi na kitanda, kama ambavyo familia yoyote yenye upendo ingefanya.

Mzazi wa leo akiletewa habari ya kikombe kipya, kwa simu au kwa mdomo wa jirani, anaweza kuuliza maswali manne. Nani amepimwa kabla na baada, na majibu ya vipimo yako wapi? Dawa inaniambia niache ile ya hospitali? Mgonjwa wangu ataweza kustahimili safari na kusubiri? Na je, daktari au muuguzi anayemtibu mtoto wangu anajua kwamba ninafikiria jambo hili? Swali la mwisho ndilo zito. Wengi huficha kwa kuogopa kugombezwa. Mtoa huduma anayeijua kazi yake hagombezi. Anasikiliza, kisha anaeleza, kwa sababu anataka mgonjwa arudi tena mwezi ujao.

Jumatatu asubuhi Tabata nayo haihitaji saa. Kituoni Relini, kati ya wanafunzi na wauza mitumba, yuko mama na mtoto wa miaka tisa wanaosubiri daladala ya kuwapeleka njia ya Amana. Mtoto ana kadi ya kliniki kwenye mfuko wa nailoni ili isilowe. Jana walikuwa kanisani. Leo wanakwenda kuchukua vidonge. Gari likisimama, mama anamsukuma mtoto mbele kwanza, kisha anapanda nyuma yake, akiwa ameushika mfuko.